Ushuru ni sifuri, mbona faida ya mahindi inaishia Namanga?

Swali la msomaji: "Nanunua mahindi soko la Kibaigwa na kuwauzia wafanyabiashara wa Arusha. Sasa nataka kupeleka mwenyewe Nairobi. Chuoni tulifundishwa nadharia za biashara ya kimataifa, kwamba nchi zikiuziana zote hunufaika, na najua ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru wa forodha. Mbona wenzangu wanaopita Namanga wanarudi wakilia hasara? Kasoro iko kwenye nadharia au mpakani?"

Ndugu msomaji, nadharia inakueleza kwa nini kuna pengo la bei kati ya Kibaigwa na Nairobi. Haikuelezi nani atakayelitia pengo hilo mfukoni. Njiani wapo wengi wanaolimega, na ukiwa na karatasi sahihi, forodha ni mmegaji mdogo kuliko wote. Wanaokula zaidi ni unyevu, siku za kusubiri na makosa ya nyaraka. Nianze na nadharia, maana ukiielewa vizuri utajua hata vikwazo vinatoka wapi.

Adam Smith, mwaka 1776, alisema nchi iuze kile inachokizalisha kwa gharama ndogo kuliko wengine. Hiyo ndiyo faida kamili. David Ricardo, mwaka 1817, alikwenda mbali zaidi, na mfano wake ufuate kwa kalamu. Uingereza ilihitaji watu 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo na watu 120 kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno ni bora kwa vyote viwili, kwa hiyo mtu angedhani haina haja ya kununua chochote Uingereza. Sasa piga hesabu. Kila nchi ikijitengenezea yenyewe, Uingereza inatumia watu 220 na Ureno 170. Uingereza ikitengeneza nguo za wote wawili inatumia watu 200, na Ureno ikitengeneza mvinyo wa wote wawili inatumia 160. Vitu ni vilevile, lakini Uingereza imeokoa kazi ya watu 20 na Ureno ya watu 10. Hiyo ndiyo faida linganishi: unauza kile ambacho kukizalisha kunakunyima vitu vichache zaidi vingine, hata kama jirani anakushinda kwa kila kitu.

Angalia alichokiacha nje Ricardo. Katika mfano wake hakuna nauli, hakuna mpaka, hakuna siku ya kusubiri, na mfuma nguo wa Ureno anageuka mtengeneza mvinyo bila gharama yoyote. Hasara za wenzako zinaishi humo ndani ya alivyoviacha.

Eli Heckscher mwaka 1919, na mwanafunzi wake Bertil Ohlin mwaka 1933, wakaeleza faida hiyo inatoka wapi: nchi huuza bidhaa zinazotumia kwa wingi kile ilichojaliwa. Kwa mahindi maelezo haya yanakaa vizuri. Tanzania ina ardhi kubwa ya mvua, ilhali zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Kenya nayo ina viwanda vilivyokomaa zaidi, ndiyo maana sabuni, dawa na mabati hushuka kusini wakati nafaka inapanda kaskazini. Kuna jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka nami naliona ndilo mtaji wako mkubwa, nalo ni majira. Mahindi ya Dodoma na Nyanda za Juu Kusini huanza kuingia sokoni kuanzia Mei na Juni. Mavuno makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza Oktoba. Kati ya hapo maghala ya Kenya yanapungua na bei inapanda. Ukifika Nairobi Julai unauza uhaba. Ukifika Novemba unashindana na mkulima wa Kitale ambaye hakuvuka mpaka wowote.

Nadharia nyingine nitazipitia kwa kasi. Wassily Leontief, mwaka 1953, alipima biashara ya Marekani akakuta inauza bidhaa zenye kazi nyingi ya mikono kuliko ilizonunua, kinyume na Heckscher na Ohlin, kwa hiyo wingi wa rasilimali ni dalili tu na usiuchukue kama sheria. Paul Krugman, kuanzia mwaka 1979, alieleza kwa nini nchi mbili huuziana bidhaa ya aina ileile: kiwanda kikubwa huzalisha kwa bei nafuu, na walaji wanapenda kuchagua. Ndiyo maana biskuti za Kenya na za Tanzania hupishana barabarani. Jan Tinbergen, mwaka 1962, alionyesha kwamba biashara hukua kadiri uchumi wa pande mbili unavyokuwa mkubwa na hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa mwenye lori, mpaka unahesabika kama kilomita za ziada.

Nadharia ambayo ningependa kila mfanyabiashara wa nafaka aishike ni ya Wolfgang Stolper na Paul Samuelson, ya mwaka 1941. Inasema nchi kwa jumla hunufaika na biashara, lakini ndani ya nchi hiyohiyo wapo wanaoumia. Mahindi yako yakiingia Nairobi, mnunuzi wa unga anapata nafuu na mkulima wa Bonde la Ufa anashushiwa bei. Yakitoka Kibaigwa, mkulima wa Kongwa anapandishiwa bei na mla ugali wa Dar es Salaam anaumia. Kila serikali ina kundi linalopiga kelele, na kelele hizo ndizo huzaa katazo. Juni 2017 Tanzania ilizuia mahindi ya nafaka kwenda nje, ikaruhusu unga, kwa hoja ya usalama wa chakula. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu kwenye nafaka, na tarehe 10 Machi ikafungua kwa masharti. Mara zote mbili aliyekuwa na lori barabarani ndiye aliyelipa. Sisemi hoja hizo ni za uongo. Sumukuvu inaua, na njaa pia inaua. Nasema uzitarajie pale bei inapovuka kiwango cha kawaida, iwe kwa kupanda Tanzania au kwa kushuka Kenya.

Sasa ushuru wenyewe. Umoja wa Forodha ulianza tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa yenye uasili wa nchi wanachama, yaani iliyozalishwa humo, haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka wa ndani. Bidhaa ya nje hutozwa Ushuru wa Pamoja: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35. Juu ya hapo kuna orodha ya bidhaa nyeti. Mahindi yamo kwa asilimia 50, maziwa kwa 60, na mchele kwa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Kanuni ya mchele inafaa kuielewa kama unafikiria kuhamia huko. Mchele wa nje wenye thamani ya dola 400 kwa tani: asilimia 75 ni dola 300, ambayo iko chini ya 345, hivyo zinatozwa 345, sawa na asilimia 86. Wenye thamani ya dola 500: asilimia 75 ni 375, ndiyo inayotozwa. Mchele wa bei ya chini ndio unaobanwa zaidi, na hilo limekusudiwa. Kila mwishoni mwa Juni nchi wanachama hutangaza nafuu na nyongeza zao katika Gazeti rasmi la Jumuiya, kwa hiyo viwango hivi vihakiki kila Julai kabla ya kuingia mkataba.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sifuri haiji kwa sababu lori lina namba za Tanzania. Inakuja kwa sababu una cheti cha uasili, karatasi inayothibitisha mzigo umezalishwa wapi. Bila hicho, afisa wa Kenya ana haki ya kuyahesabu mahindi yako kama ya nje na kuyatoza asilimia 50. Chukua mzigo wa tani 28 wenye thamani ya shilingi 750 kwa kilo pale mpakani: thamani yake ni milioni 21, ushuru ni milioni 10.5. Karatasi moja ina thamani kuliko faida ya safari kadhaa. Zao lililolimwa na kuvunwa hapa lina uasili moja kwa moja. Kwa bidhaa ya kiwandani kuna kipimo cha malighafi ya nje, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi asilimia 70 ya thamani ya bidhaa ikitoka kiwandani. Kufungasha upya, kupepeta au kuchambua hakuleti uasili, ndiyo maana mchele wa Pakistan uliobadilishiwa mifuko unabaki kuwa wa Pakistan.

Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hujazwa papo hapo mpakani. Kwa mfano wa dola moja kwa shilingi 2,500 na mahindi ya shilingi 700, hiyo ni kama tani 7. Usijaribu kugawa lori la tani 28 mara nne ili upite humo. Maafisa wanaijua mbinu hiyo na mzigo wote utashikwa. Na cheti hicho kinaondoa ushuru tu. Masharti ya ubora na afya ya mimea yako palepale.

Tuje kwenye sumukuvu, maana hiki ndicho kikwazo halisi cha mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya nafaka kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, jumla ya sumukuvu aina ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Ukungu unaoitoa unaishi kwenye udongo na hustawi nafaka inapokaa na unyevu na joto. Ukianikia ardhini bila turubai umeupandikiza mwenyewe. Ukipakia yakiwa na asilimia 15 na lori likafunikwa turubai siku nne, unaulea.

Shida kubwa iko kwenye sampuli. Sumu hii haienei sawasawa: punje chache zilizooza ndani ya gunia moja zinaweza kuwa na sumu ya kuangusha kipimo cha gunia zima, na gunia la pembeni likawa safi. Ndiyo maana mtu anapima Kibaigwa anapata 4, anapimwa mpakani anapata 18, anadhani ameonewa. Mara nyingi vipimo vyote viwili ni vya kweli. Kilichotofautiana ni punje zilizoangukia kwenye kikombe. Dawa yake ni kuchukua sampuli kwa bidii kabla hujalipa. Piga bambo, kile kifaa cha kuchomea gunia na kuchota nafaka, kwenye magunia mengi kadiri unavyoweza, juu, katikati na chini, pande zote za shehena. Kusanya kilo kadhaa, changanya zote kwenye turubai, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayokabiliana, changanya tena, na endelea hivyo mpaka zibaki kama kilo mbili au tatu. Zisagwe zote ziwe unga kabla ya kuchota cha kupima. Maabara inayochota punje nzima chache kutoka juu ya mfuko inakupa namba isiyo na maana. Ondoa pia punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kwani sumu nyingi hukaa humo; kupepeta na kuchambua kunashusha kipimo kwa kiasi kikubwa.

Kwa nyaraka, kinachoumiza zaidi ni mpangilio. Anza upande wa mnunuzi. Mnunuzi wako wa Kenya awe amesajiliwa kuingiza mahindi, na aombe kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, taasisi ya afya ya mimea ya Kenya, kabla mzigo haujaondoka. Kibali hicho kinaandika masharti, na mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea hapa kwetu, anakagua kwa kuyafuata ndipo anatoa cheti cha usafi wa mimea. Cheti kilichotolewa kabla ya kibali cha mnunuzi ni ugomvi unaousafirisha mwenyewe. Halafu kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo, cheti cha ubora chenye matokeo ya sumukuvu, cheti cha uasili, ankara, na tamko la forodha kupitia wakala aliyesajiliwa. Wakala awasilishe tamko kabla lori halijafika. Namanga maafisa wa nchi mbili wanakaa kituo kimoja, kwa hiyo mwenye karatasi kamili anakaguliwa mara moja, na mwenye karatasi pungufu anakwama mbele ya pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kupakia, weka nyaraka zote mezani na ulinganishe vitu vitano: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, uzito, idadi ya magunia, na namba ya lori. Malori mengi hukwama kwa sababu ankara inasema kilo 28,000, cheti kinasema 27,500 na mzani umesoma 28,340. Msimbo wa forodha nao uwe mmoja: 1005.90 kwa mahindi yasiyo mbegu. Ukiandikwa 1005.10 umetangaza mbegu, na mbegu zina sheria zake. Barabarani kikomo ni tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, lakini ekseli moja ikizidi unasimamishwa hata kama jumla iko chini, hivyo simamia upakiaji usije ukalemea nyuma.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Kwanza ulinganishe kipimo: Nairobi bei hutajwa kwa gunia la kilo 90, sisi tunatumia kilo 100. Bei ya shilingi za Kenya 4,000 kwa gunia ni 44.4 kwa kilo. Kwa kiwango cha shilingi 20 zetu kwa moja yao, ni shilingi 889. Ukinunua kwa 700, pengo ni 189 kwa kilo. Toa nauli 80, magunia na upakiaji 10, vipimo, vibali na wakala 15. Zinabaki 84 kwa kilo, na kwa tani 28 ni shilingi 2,352,000. Hapo ndipo wengi huishia na kusema biashara inalipa.

Endelea. Lori likikwama siku nne kwa 300,000 kwa siku, milioni 1.2 imekwenda, imebaki 1,152,000. Ukiwa ulinunua yakiwa na unyevu wa asilimia 14.5 na mnunuzi anayapokea yakiwa 13, uzito umepungua: kilo 28,000 zidisha kwa 85.5 gawanya kwa 87, zinabaki kama 27,517. Kilo 483 za maji ulizinunua kwa bei ya mahindi, na kwa bei ya Nairobi ni kama 429,000. Imebaki 723,000 hivi, na hujalipa riba ya mkopo wala hujahesabu kuyumba kwa shilingi. Shilingi ya Kenya ikishuka kutoka 20 hadi 19 kabla hujabadilisha, bei yako ya 889 inakuwa 844, na shilingi 44 kwa kila kilo, jumla zaidi ya milioni 1.2, zimetoweka bila mtu yeyote kukukosea. Umeingia hasara huku kila kitu kikionekana kimekwenda sawa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usinunue mzigo wa Nairobi kama pengo kwa kilo, baada ya gharama za kawaida, halifiki mara mbili ya gharama ya siku nne za kukwama. Katika mfano huu siku nne ni shilingi 43 kwa kilo, hivyo unahitaji 86, na 84 tuliyopata haitoshi. Kataa, au punguza bei ya kununua kwa kudai mahindi ya unyevu wa 13. Kipima unyevu chako mwenyewe kitalipa gharama yake ndani ya safari moja.

Ukikwamishwa kwa sharti lisilo kwenye kanuni, kwa mfano kupimwa upya bidhaa yenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inayotambuliwa kwa kiwango cha Afrika Mashariki, andika papo hapo: tarehe, saa, dawati, sharti ulilotajiwa, msimbo wa bidhaa, na piga picha nyaraka zako. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, kila nchi ina kamati ya kufuatilia, na kuna mfumo wa mtandaoni wa kuripoti, tradebarriers.org, unaotumiwa kwa pamoja na Jumuiya yetu (EAC) na jumuiya nyingine mbili za kikanda, COMESA na SADC. Malalamiko ya jumla hayafanyiwi kazi. Lenye saa, dawati na karatasi hupelekwa nchi husika na hutakiwa kujibiwa. Omba sharti hilo kwa maandishi, kwa heshima. Mara nyingi ombi hilo peke yake hulilegeza.

Mwisho, fikiria mahali pa kuuzia. Unaweza kukubaliana na mnunuzi wa Kenya achukue mzigo Namanga upande wetu, alipe baada ya kupima unyevu na sumukuvu pamoja nawe, naye abebe mpaka kwa jina lake. Bei itakuwa chini ya ile ya Nairobi, lakini kibali, wakala, siku za kusubiri na hatari ya katazo la ghafla vinakuwa vyake. Kwa safari zako za mwanzo ningechagua njia hiyo, na kando yake nipeleke mzigo mdogo chini ya dola 2,000 hadi Nairobi kwa jina langu, ili nijue kila dawati linataka nini kabla sijaweka tani 28 barabarani.